Dawa Ambayo Mke Wangu Hakuweza Kuiacha

Mke wangu alirudi Homa Bay kutoka Nairobi akiwa na kovu refu kifuani na valvu ya chuma ndani ya moyo. Ile aliyozaliwa nayo ilikuwa imeharibiwa na homa ya utotoni iliyoanza kama maumivu ya koo tu. Nikikaa karibu naye niliisikia ikigonga, na mwanzoni tulicheka.

Kila jioni alimeza kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi, isije ikaganda kwenye kile chuma. Lakini damu nyepesi haijui kukoma. Siku moja mwiba wa samaki, ngege, ulimchoma kidole jikoni, tukashinda tumekikandamiza kwa leso. Mboga za kijani nazo hupunguza nguvu ya dawa ile, kwa hiyo alipaswa kula kiasi kilekile kila siku. Mama yangu, aliyelima mboga ya osuga nyuma ya nyumba, hakuelewa.

"Nyathina, mwanangu, mboga yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Mama. Nipe kidogo, lakini nipe kila siku."

Tangu hapo Mama alimpimia kwa kiganja chake.

Kisha mke wangu akashika mimba. Daktari alizungumza taratibu, akimtazama yeye, si mimi. Dawa ingeweza kumdhuru mtoto. Kuiacha kungeweza kumwua yeye mwenyewe. Kulikuwa na sindano za kutumia badala yake, lakini zilitaka damu ipimwe mara kwa mara, na kipimo hicho hakikuwepo kwetu.

"Nikiacha mpaka nizae?" aliuliza.

"Ukiacha, mama, huenda usifike siku ya kuzaa."

Tulirudi kwa miguu, tukipitia sokoni. Nilimwuliza anataka nini.

"Nataka kuishi na nataka mtoto," alisema, akaanza kulia palepale, mbele ya wauza dagaa wa omena.

Aliendelea na dawa. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana mimba ilipotoka. Damu ilikataa kukoma. Kaka zake walikuja hospitalini kutoka Migori, wakatoa damu mmoja baada ya mwingine, na kwa muda sikujua kama ningerudi nyumbani naye. Alipona. Mtoto alikuwa wa kike. Mama na shangazi zangu walimzika kando ya ua, mimi sikuitwa.

Daktari alituonya tusijaribu tena, nasi tukatii. Baada ya muda jamaa walianza kunishauri nioe mke wa pili. Sikumwambia, lakini maneno hayo yalimfikia. Asubuhi moja, akikunja nguo zilizokauka, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ukitaka kuoa, sitakuzuia."

"Sitaki."

Alichukua shati langu akaendelea kukunja. Mpaka leo sijui kama aliniamini.