Mkasi, Mwana wa Hawa

Usinikunjie pua, Talal. Tangu alasiri umekaa mbele ya hiyo televisheni unamtukana mchezaji asiyekusikia, halafu mimi nikisema maneno yana njia zao unacheka. Umesoma, ndiyo. Mimi skuli niliishia darasa la sita, lakini masikio yangu hayakuishia huko. Basi sikiliza kwa nini babaako anachechemea, maana najua umeambiwa alianguka ngazi. Na usinikatize, nna pahala pa kwenda.

Nilipokuwa mtoto, Unguja, nyumba ya pili na yetu akikaa mwanamke aliyepotelewa na kipini cha dhahabu. Akamwita maalim amsomee mwizi. Maalim akamwambia kisomo kinataka jina la mtu na jina la mamaake, ndivyo kinavyoujua mlango wa kugonga. Yule mwanamke mwizi mwenyewe hamjui, seuze mama wa mwizi. Basi, akasema maalim, tutasoma kwa mwana wa Hawa. Bibi yangu alikuwa uani anapepeta mchele. Aliinuka na ungo wake mkononi, akaenda kuwaambia: "Kwani Hawa ni mama wa mmoja? Mnatupa jiwe kizani, na nyinyi mmo humo humo kizani." Hawakumsikiliza. Haukupita muda yule mwanamke akapooza mkono, na kipini kikaonekana ndani ya mto wake mwenyewe. Bibi hakusema nilikwambieni. Alimpelekea uji.

Mimi nikaona hiyo ni khabari ya kipini tu. Nilikuja kuielewa hapa Maskati, miaka ya tisini, na mimi mwenyewe nimeshaitwa bibi.

Tulikuwa tukikaa Wadi Kabir, kabla hatujahamia huku Ansab. Nyuma ya magereji palikuwa na kiwanja cha changarawe, na kila Ijumaa baada ya alasiri vijana wetu wakicheza na timu za mitaa mingine. Wanawake hatukuwa tukishuka. Tukiegesha magari kwa safu, vioo chini, chupa za chai mapajani, tukitazama na kusema. Kusema ndiko kulikotupeleka.

Na wa kusemwa alikuwa mmoja, Mkasi wa timu ya Qurum. Jina lake la nyumbani hatukulijua wala hatukulitaka. Alikuwa na miguu ya matege na soksi zilizomshuka, na mpira ukimwendea utadhani umeitwa. Akipita katikati ya vijana wetu kama mkasi kwenye kitambaa cha melimeli. Akifunga hashangilii. Akitugeukia sisi wa magari, akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa mkono wa pole. Hicho ndicho kilichokuwa kikituua.

Kwa kumtukana mimi nilikuwa fundi wao. "Miguu hiyo umeazima kwenye meza ya mbao?" "We Mkasi, pandisha soksi, mamaako hakukufunza kuvaa?" Wenzangu wakicheka mpaka chai ikimwagika. Ijumaa moja hakuja, alikuwa na homa. Tukawafunga mabao mengi, na chupa za chai zikarudi nyumbani zimejaa. Bi Raya, jirani yangu, akasema njiani, "Leo tulikwenda kutazama nini?" Mchezaji mbovu humchukii, unamwonea huruma. Unamchukia yule ambaye angekuwa wako ungemfukizia udi.

Sasa, aliyepewa kazi ya kumkaba Mkasi alikuwa babaako. Nasor wakati huo alikuwa mtu wa ofisi, kitambi kimeshaanza. Mkasi alimpitishia mpira katikati ya miguu mbele ya wakwe zake, na tangu siku hiyo watoto wa mtaa wakamwita Mlango. Akipita dukani, "Mlango, jifunge, upepo unaingia." Akitoka msikitini, hivyo hivyo. Cheka wewe. Yeye alikuwa akizunguka nyuma ya magereji ili asionekane. Ilipokaribia mechi ya mwisho ya msimu, alisema hiyo ndiyo yake ya mwisho, kisha viatu anaviweka. Kombe hakulitaka. Alitaka asistaafu na jina lile.

Akanifuata jikoni.

"Mama, maalim yuko tayari. Anataka jina la mamaake Mkasi tu. Nyinyi wanawake mnajuana."

"Unataka afanywe nini?"

"Mguu umuume. Siku moja."

"Mguu wa mtu hauna siku moja."

"Mama, niangalie. Nnaitwa Mlango."

Nikavaa buibui langu. Usiniulize nilikwenda na nia gani. Niliulizia Qurum mpaka nikaonyeshwa nyumba. Nilipopiga hodi tu, nikasikia mtu anacheka ndani. Akaja kufungua mwenyewe kwa kupapasa ukuta, mwanamke wa umri wangu, macho yameshamwacha.

"Bi Meza ya Mbao," akasema. "Karibu. Sauti hiyo itanipotea vipi?"

Kulikuwa na gari ya kijivu, vioo vyeusi, iliyokuwa ikiegeshwa ubavuni mwa yetu kila Ijumaa ya Qurum. Sisi tukidhani ni ya mtu wa gereji. Kumbe humo ndimo alimokuwa akikaa huyu, mama wa Mkasi, akiletwa na mwanawe kabla sisi hatujafika. Mpira hauoni. Alikuwa akitusikiliza sisi.

"Wewe ukinyamaza, najua mwanangu hana mpira," akaniambia, anamimina kahawa bila kumwaga tone. "Ukianza na meza ya mbao, najua anakuja upande wetu. Ukifika kwenye soksi, nnasema bismillahi, maana anakaribia goli. Na Ijumaa usipokuja, yeye akirudi huniuliza, yule bibi mgonjwa?"

Kahawa nikainywa. Haluwa nikaiacha sahanini.

"Umekuja kuchukua jina langu," akasema. "Mtu wa Unguja haendi nyumba ya mshindani karibu na mechi kutazama mapazia. Naitwa Zuwena. Haya, chukua."

Nasor alikuwa akinisubiri nje ya nyumba yetu.

"Umelipata?"

"Nimelipata, na sikupi."

"Kwa nini?"

"Nimekunywa kahawa yake."

Alinitazama kama nimemwibia. Kisha akasema, taratibu, "Basi maalim atasoma kwa mwana wa Hawa."

Nikamwambia maneno ya bibi yangu, jiwe na kiza, sikupunguza wala sikuongeza. Akanijibu hayo ni ya Unguja, hapa Maskati. Kana kwamba Hawa hakufika huku, na kaburi lake wanasema liko Jidda, karibu na sisi kuliko Unguja. Akaenda.

Ijumaa ile nilikaa pahala pangu, kioo chini, na sikusema kitu. Bi Raya akaniuliza kama nnaumwa na jino. Gari ya kijivu ilikuwepo ubavuni. Kipindi cha pili Mkasi akaupata mpira, akaja upande wetu, Nasor nyuma yake. Hakuna aliyemgusa mwenziwe. Nasor alikita mguu kwenye changarawe, mwili ukageuka, goti likabaki. Nilisikia kutoka garini, kama njiti ya fagio inapovunjwa.

Mkasi aliuacha mpira, goli liko wazi mbele yake, akarudi. Akambeba babaako mgongoni, na kitambi chake, kwa miguu ile ya matege, mpaka kwenye gari yetu.

"Leo hukusema kitu, bibi," akaniambia. "Nikadhani umekufa."

Sikulia. Nilifungua mlango wa gari, nikasogeza chupa ya chai ili Nasor apate pa kuweka mguu.

Daktari alisema ni changarawe na uzito. Sibishani na daktari, na bibi yangu pia sibishani naye. Ninachokijua ni kwamba tangu siku ile hakuna mtoto aliyemwita Nasor Mlango, kwa sababu mtu anayechechemea hachekwi. Alitaka jina lile limwondoke, na lilimwondoka. Hajapata kulizungumza, wala mimi sijamuuliza.

Msimu uliofuata nilihamia gari ya kijivu. Nikakaa na Zuwena, nikamtukania mwanawe kwa sauti ili ajue yuko wapi, mpaka Mkasi naye akaviweka viatu. Sasa kiwanja kimejengwa maghala. Mimi na Zuwena tuliendelea kuonana Ijumaa, tunakunywa kahawa, hatuna wa kumsema.

Zuwena amezikwa jana. Watu wananiambia lia utapata nafuu. Najipapasa kifua, sioni kitu. Ni kama ufizi uliopigwa sindano ya ganzi, unagusa na ulimi unajua upo, basi. Labda kitakuja baadaye, labda hakiji. Huko matangani nnakokwenda, Mkasi atakuwa mlangoni anapokea watu, na mvi zake. Atanitazama, atangoja. Ntamuuliza soksi ziko wapi.

Hiyo ni honi ya babaako, ananisubiri chini. Haya, endelea na mchezaji wako, mtukane, mimi sikukatazi. Ila mamaake huyo simjui anakaa wapi, na wewe humjui.

Nipishe nipite. Mlango ntaufunga mwenyewe, upepo unaingia.