Mtoto Aketi Kwanza, Ndipo Tupakue

Ipo siku moja ya utoto wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, na mwaka huu imenirudia kwa hasira. Basi nisikilize kabla sijapoa. Nikipoa nitasema maneno matamu, na maneno matamu tumeshayasikia ya kutosha.

Mimi ni mpishi wa harusi. Shule niliiacha kabla sijajua kuandika jina langu bila kukosea, na leo hapa kisiwani nyumba nyingi haziozi binti kabla ya kuuliza kama Bi Saumu ana nafasi. Nakueleza tu ujue unayemsikiliza ni nani.

Nalikuwa yatima, nikilelewa na mpishi mmoja, Bi Rukia, na kazi yangu ilikuwa kumenya vitunguu. Siku hiyo tulikuwa harusini Mji wa Kale, nyumba ya watu wenye nacho. Bibi mwenye nyumba alikuwa amenipa gauni jipya, jekundu, nami nikalivaa nikajiona bibi harusi ni mimi. Wanawake walipojaa sebuleni akaniita, akanisimamisha katikati ya mkeka, akaniamuru nizunguke. Akawaeleza wageni nilivyokuwa zamani: kanzu imepasuka kwapani, chawa kichwani, mama kafa na hakuna wa kununua sanda. Mimi nazunguka. Wageni wanasikitika huku wanatafuna tambuu.

Bi Rukia akatoka jikoni, mwiko unamtiririka mchuzi, hata mkeka wa watu hakuujali.

"Kama gauni bado ni lako, mvue uende nalo," akasema. "Mimi nitamfunga leso yangu."

Mwenye nyumba akachekacheka kwa aibu, akajibu kwamba yeye alikuwa akinitakia mema tu.

"Basi mtakie mema akiwa ameketi."

Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniambia neno ambalo nimelishika mpaka leo. Mtu akikupa kitu, pokea kwa mikono miwili, sema ahsante. Akikudai ahsante ya pili, hiyo si shukrani tena, ni kodi.

Haya, sasa njoo mwaka huu.

Kuna msichana anaitwa Nasra, alikuwa akikaa Majengo kwa shangazi yake. Walikimbia vita Somalia, mama akafia njiani, na mtoto akakulia kambini kabla ya shangazi kumleta huku. Akili anazo. Lakini mtoto wa mkimbizi hapa, hata aongoze darasa, akimaliza shule anakuta mlango umefungwa. Chuo kinataka karo, kazi inataka kibali, na kibali chenyewe hakitoki. Wakatokea wafadhili, akina mama wa Kanada waliochangishana, wakamtafutia nafasi akasomee kazi ya maabara ya hospitali. Karo wao, nauli wao, koti la baridi wao, hata mtu wa kumpokea na chumba cha kulala. Hiyo ni heri kubwa na sitaki uende useme Bi Saumu aliitukana. Mtoto aliyekuwa hana pa kwenda sasa ana pa kwenda. Ninaowatukana ni wengine.

Kati ya watoto na wafadhili kuna chama, na chama kina mwenyekiti. Kila wageni wakija yeye huandaa karamu ya mchana, na kila karamu Nasra husimamishwa mbele ya watu na kamera aeleze mamake alivyokufa. Watu hulia, hupiga makofi, kisha huenda kula. Safari hii karamu ilikuwa ukumbini Makadara, wageni ni akina mama wawili kutoka kwa hao wafadhili wake, na mpishi ni mimi.

Masufuria yako tayari, namwona Nasra nyuma ya jiko, ameketi juu ya gunia la viazi na buibui lake jipya, hataki kuingia ukumbini. Nikamuuliza ana nini. Kumbe mwenyekiti amemwambia kwamba asiposimulia leo, nafasi yake atapewa mwenzake, maana wanaoitaka ni wengi.

"Bibi, kila nikiisimulia, uso wa mama unapungua," akasema. "Siku hizi nikimkumbuka naona ukumbi na watu wanafuta machozi. Yeye simwoni."

Mwanangu, pale pale nililihisi lile gauni jekundu mwilini.

Nikafunika masufuria. Nikawaambia wasichana wangu asipakue mtu hata punje. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya jiko, na mimi nikikaa si rahisi kuniondoa, wanaonijua wanajua. Kwanza walikuja vijana wa kuandaa meza, nikawarudisha. Kisha akaja mwenyekiti mwenyewe, suti na tai kwenye joto lile.

"Bi Saumu, wageni wana njaa."

"Najua. Hiyo harufu nimeipika mimi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mtoto aketi kwanza, ndipo tupakue. Aketi kama mgeni, ale, na asiulizwe habari za mamake."

Akaniambia mambo ya ufadhili siyajui, kwamba Wazungu wasipolia hawatoi, na kwamba mimi nipike nimwachie yeye kazi yake. Nikamjibu kwamba sisi hapa mtu akimpelekea jirani futari hufunika sahani kwa kawa na humtuma mtoto, haendi mwenyewe, ili jirani asione haya kumtazama usoni. Wewe, nikamwambia, umeifunua sahani ya mtoto sokoni na unamwita kila apitaye aje achungulie.

Sauti yangu si ndogo. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, akaja mlangoni na mwalimu wa Nasra, akauliza kuna nini. Nasra akainuka akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza. Mimi sikuelewa neno, ila uso wa yule mama niliuona ukibadilika. Mwalimu akanieleza: wafadhili hawajapata kuiomba hadithi ile. Waliambiwa watoto wenyewe hupenda kuisimulia, ati inawapunguzia uzito. Na nafasi ile ni ya Nasra, hakuna mwenye uwezo wa kumpa mwingine.

Mwenyekiti akageuka akarudi ukumbini. Mimi nikafunua masufuria.

Nasra aliketi kati ya wale akina mama, akala biriani kwa mkono, akawaeleza namna tone la damu linavyotoboa siri ya ugonjwa. Nilimsikia akicheka. Sasa yuko huko anasoma. Mwenyekiti anapita mitaani akisema msichana hana shukrani na mimi nimeharibu riziki za watoto. Na aseme. Karamu zake siku hizi anapika mwingine, na nasikia wali unawaganda.

Juzi Nasra alinipigia simu. Aliniuliza masala ya biriani nayakaangaje, kisha akaja kwenye lake. "Bibi, nilikuwa nimelisahau lile pengo la meno ya mama," akaniambia. "Limerudi."

Basi sikia, mwanangu. Ukipewa, pokea bila kuinama, shukuru, kasome, ufanye kazi yako vizuri. Msiba wako si nauli ya kulipia safari. Na wewe utakayejaliwa kutoa, toa, wapo watoto wengi wanaongoja. Ila mkishamvika mtoto, msimzungushe.

Mola akujaalie watu wa kukushika mkono bila kukuvuta. Na siku mkono unaotoa utakapokuwa wako, akusahaulishe ulichotoa kabla sahani haijafika kwa jirani. Amin.