Shangazi Iko Wapi na Fatwa ya Simu

Inamisheni vichwa, enyi waumini, kwa maana yanasimuliwa maisha ya walii adimu katika zama zetu. Alizaliwa asubuhi ya mvua, akalia kama watoto wote, na hakuna nyota iliyoonekana ikifanya lolote.

Wito ulimjia madrasa, akiwa binti mdogo. Maalim alipoonya kwamba msichana anayepiga mluzi atazaa viziwi, yeye aliinua mkono: "Iko wapi hiyo, maalim? Aya ya ngapi?" Maalim alifunua Msahafu hadi darasa likaisha. Tangu hapo akaitwa Iko Wapi, na hata alipokuwa fundi cherehani aliwatoa jasho wahubiri wote waliopita dukani kwake. Ni imamu wa mtaa peke yake ambaye yeye hakuthubutu kumuuliza.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa kufunga. Daktari alikuwa amemkataza kufunga kwa sababu ya kisukari. Ndipo simu yake ikapokea ujumbe kwa sauti nzito ya imamu: "Mgonjwa anayekula mchana anamdanganya Mungu." Akafunga. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hadi sindano ikamchoma kidole, na tundu la uzi hakuliona tena.

"Kunywa maji ya sukari, shangazi, nakuomba," alisema mtoto wa kaka yake, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, uso umemsawijika.

"Na imamu je?"

"Si umuulize kama unavyowauliza wengine!"

Alivuta Msahafu, akasoma ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, kwa kuwa Mungu anawatakia waja wake wepesi. Akarudia kwa hofu: ama imamu amekosea, ama yeye hajui kusoma. Akanywa. Kisha akaenda msikitini, kijana akimshika mkono, ingawa aliyeburuta miguu zaidi hakuwa mgonjwa.

"Iko wapi hii, imamu wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo, akamwekea ujumbe asikie.

"Haipo, mama, wala sikuisema. Lakini hata ningeisema, ungekuja hivi hivi kuniuliza." Ujumbe ukaendelea hadi mwisho ambao mama hakuwahi kuusikiliza: ikalia kengele, kisha vicheko vya wavulana. Imamu akamgeukia kijana. "Tena msikiti wangu hauna kengele."

Hapa ingefaa nieleze kifo cha walii na miujiza yake. Muujiza ni kwamba hakufa. Igeni mfano wake: ulizeni, hata mnayemheshimu.

"Ni mimi niliyeiga sauti yake, shangazi," nilisema, machozi yakinitoka. "Nilitaka tu kuona kama utamuuliza hata imamu."

"Na ruhusa ya kuniua kwa mzaha," akasema, "iko wapi?"

Niliitafuta, enyi waumini. Haipo.