Gari Tulilolikodi Ubelgiji

Majira yale ya joto nyumba yetu ya Small Heath, Birmingham, ilinukia tangawizi. Mama alikuwa kwenye matibabu ya saratani, na dawa zilimfanya asistahimili harufu ya kitunguu wala ya samaki, kwa hiyo Baba alichemsha tangawizi asubuhi na jioni, na dirisha la sebuleni likaachwa wazi hata kelele za mabasi ya Coventry Road zikawa kama zimo ndani. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Salim minne. Madaktari walimpumzisha Mama dawa kwa wiki chache, naye akasema mapumziko hayo atakwenda kuyatumia kwa dada yake, Mama Mkubwa Zuwena, aliyeolewa Ujerumani kando ya ziwa. Tungepanda treni mpaka Ubelgiji. Safari ya kutoka hapo ndiyo iliyowagombanisha wazee wangu.

Baba alitaka tuendelee na treni. Alikuwa dereva wa teksi, akifanya kazi usiku na kumuuguza Mama mchana. “Mwaka mzima niko kwenye usukani, Mama Nasra,” alisema. “Nimechoka. Na mimi niendeshwe.” Mama alitaka tukodi gari. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi kwa sababu nywele zote zilikuwa zimekwisha. “Kwenye treni nitatapika mbele za watu,” alisema, “na watoto wangu watawaona watu wakinitazama. Kwenye gari nitajilaza, nitavua mtandio, nikitaka kusimama tutasimama.” Walibishana hivyo kwa siku kadhaa, kwa sauti za chini, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake na hakuna aliyelegea. Mwishowe Baba akakubali.

Gari lilikuwa la kijivu, jipya, likinuka plastiki. Mama alijilaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, Salim akabanwa pembeni kwenye kiti chake cha mtoto. Mimi sikuwa nimemwona Mama bila mtandio tangu nywele zimtoke. Niliogopa kumshika kichwa, kisha nikamshika. Kilikuwa cha moto. Tulikuwa tumeshaingia Ujerumani, jua limewaka juu ya mashamba, nilipoliona gari letu likielekea taratibu upande wa lori. Lori likapiga honi ndefu. Baba alishtuka akauvuta usukani, na sote tukatupwa upande mmoja.

Alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta. “Nilikwambia twende na treni,” alisema.

“Uliniambia umechoka. Hukuniambia unasinzia.”

“Ningekuambia, usingekuja.”

 Mama hakuwahi kujifunza kuendesha, na pale hapakuwa na treni wala mtu tunayemjua. Baba alilaza kiti akalala kidogo, na alipoamka Mama alivaa mtandio wake, akatoka, akaenda kukaa kiti cha mbele. Tangu hapo hakunyamaza. Alizungumza njia nzima ili Baba asisinzie, na alipokwama kwa kichefuchefu alitapika kwenye mfuko, akafuta mdomo, akaendelea pale alipoachia. Alisimulia alivyopigwa na mwalimu wa hesabu Unguja, na baridi yake ya kwanza Birmingham, alipolia ndani ya basi kwa maumivu ya vidole vya miguu. Kisha akamtaja Rukia. Ndipo nilipojua kwamba kabla yangu walizaa mtoto wa kike aliyeishi siku chache tu.

“Mama Nasra, watoto wanasikia,” Baba alisema.

“Wasikie. Nani atawaambia?”

Tulifika. Lakini nguvu alizokuwa nazo zilikuwa zimebaki barabarani. Ziwa alilitazama kutoka dirishani, na siku nyingi za likizo alilala chumbani kwa dada yake. Baba alilirudisha gari kwa kampuni ile ile kule kule Ujerumani, nasi tukarudi kwa treni. Mama alitapika, na watu wakamtazama, kama alivyosema. Alifariki kabla baridi ya mwaka ule haijaisha.

Siku hizi wanangu huchagua safari kwenye simu, wanagombania nani akae dirishani, na mimi nawaachia. Baba bado yuko Small Heath. Hakuwahi tena kukodi gari. Salim amejenga maisha yake Great Barr, upande mwingine wa jiji, na kila sikukuu tukishakula huja jikoni kuniuliza, kwa Kiingereza, Mama alisimulia nini siku ile, kwa sababu yeye alilala karibu njia nzima. Namweleza tena, ingawa kila mwaka kuna jambo ninalolipoteza. Idi iliyopita aliniuliza kama Mama alisema chochote kumhusu yeye. Nilitafuta katika yale niliyobakiwa nayo, nimeshika sahani.

“Alisema tusikuamshe,” nikamwambia.