Bwana wa Kukodi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mvua ilianza kabla ya jogoo na haikupumzika mpaka saa nne. Mashimo ya dhahabu hapa Tiira yalijaa maji, kwa hiyo wachimbaji wote walikuwa barabarani, mikono mifukoni.

Naandika kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika nasahau upande wa mtu mwingine. Nikiandika labda nitaukumbuka.

Asubuhi jirani yangu, mchimbaji, alinisimamisha nikiwa kwenye pikipiki. Mke wake mimba imefika mwezi wa tisa. "Mpeleke kliniki," akasema. "Ukifika huko, uwe mimi."

Asiyekaa huku atashangaa. Kwenye kituo chetu cha afya, mama aliyekuja na bwana yake huonwa kwanza. Aliyekuja peke yake hungoja mpaka wenye mabwana waishe. Nia yao ni nzuri, sikatai, wanataka wanaume wafike. Lakini wanaume hawafiki, basi wanawake wanatukodi sisi wa boda. Tunakaa kwenye benchi, tunaitika "ndiyo, sista," tunarudi steji ya pikipiki kuchekana. Hata mimi nimekuwa bwana mara nyingi, sijidai msafi.

Leo sista alimpapasa mke wa jirani tumboni muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, mtoto amekingama, na maji yameanza kutoka. Lazima aende Tororo sasa hivi, huenda wakampasua. Unasemaje?"

Ningesema nini juu ya tumbo la mke wa mtu?

"Huyu si bwana yangu," mama akasema.

"Najua. Wiki iliyopita alikuwa bwana wa mwingine. Mwenyewe yuko wapi?"

Mama akakataa kupanda ambulensi. Alisema kwa wakwe zake mwanamke anayepasuliwa anaitwa mvivu, na bwana yake asipokuwepo kutoa neno, lawama yote ataibeba yeye. Sista akaniambia nikamlete huyo bwana mbio, maana mtoto hatangoja wakwe.

Nilimkuta jirani barazani kwa muuza duka, anacheza drafti kwa vizibo vya soda, wenzake wamemzunguka. Nikamweleza yote. Hakuinua hata kichwa.

"Si umeshakuwa mimi? Malizia kazi."

Wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Na mtoto akifanana na wewe, usitulaumu!"

Nikaupiga ule ubao teke, vizibo vikaruka kwenye tope. "Mnashuka chini ya ardhi kwa kamba iliyooza, mnajiita wanaume, halafu benchi la mbao limewashinda! Mke wa mtu anaweza kufa pale, nyinyi mnacheka!" Niseme haki: kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka, naye nilimtukana pamoja nao.

Jirani akainuka. Nikajua atanipiga. Badala yake akanivuta nyuma ya duka. Akasema mke wake wa kwanza aliingia hospitali ya Tororo kujifungua, kwa miguu yake mwenyewe. Yeye akakaa nje. Jioni mtu akatoka akampa kandambili za mkewe.

"Kandambili tu, ndugu yangu. Nikakaa nazo mkononi, sijui nimuulize nani. Siwezi kukaa pale tena."

Kwamba alifiwa, tulijua sote. Ya kandambili hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeuliza. Matangani watu walimwambia ajikaze, akajikaza, akasifiwa. Nilimwonea huruma, kweli, na hasira haikupungua hata kidogo, kwa sababu huruma yangu haikumsaidia yule mama aliyekuwa analowa maji kitandani.

"Haya kamwambie yeye," nikasema.

"Mwanaume anamwambia mke wake kwamba anaogopa?"

"Sijui. Mimi sijawahi. Panda."

Alimwambia mbele ya sista na foleni nzima ya akina mama, machozi yanashuka kwenye ndevu. Nilitegemea mke atalainika. Wapi! Alimkodolea macho.

"Na mimi ulidhani sina woga? Si mimi ndiye wa kupasuliwa? Shika beseni la vitu vya mtoto, twende!"

Akashika beseni. Wakapanda ambulensi, wakaenda.

Niliporudi steji habari ilikuwa imenitangulia. "Eti mchimbaji amelia kama binti!" Aliyecheka zaidi, mke wake mwenyewe ni mjamzito. Nikawaambia mwanaume anayetaka bwana wa kukodi kwa mke wake asinitafute tena. Wakasema, "Huyu ameokoka, mleteeni Biblia!" Labda mwezi ukiwa mgumu nitashindwa kukataa, siapi. Lakini leo ningeweza kupigana na yeyote pale, na sijui kama hiyo nayo si uanaume ule ule wa kijinga.

Saa moja jioni jirani alipiga simu kutoka Tororo. Wamempasua. Mtoto ni wa kike, mama amezinduka, ameomba chai. Jirani alikuwa analia tena, safari hii kwa sauti, na mimi nikakaa na simu sikioni, nikamwacha alie mpaka salio lake likaisha.

Mimi na mke wangu tumekula ugali wa muhogo na dagaa. Chumvi ilizidi kidogo.