Mwaka Nilipotangulia Majini

Wajukuu wangu wakitaka kwenda kuogelea siku ya sikukuu, huchagua ufuo kwa kuangalia kama kuna kivuli cha kukalia na mtu anayekaanga samaki wa mukeke karibu. Hawaulizi maji yanaanza kuwa marefu wapi. Hawaulizi mto unaingilia upande gani. Nikiuliza mimi, wananicheka na kuniambia kwamba mamba wa zamani walikufa pamoja na wazee wao. Nawaacha waende. Ila sili kitu mpaka warudi, na hasira hunipanda, hasira ya zamani ambayo wao haiwahusu hata kidogo.

Wakati wa Wadachi, hapa Rumonge, kuchagua mahali pa kuogelea ilikuwa kazi yenye masharti yake. Siku ya pili ya Idd wanawake wa mji wetu wa Kiislamu, wake wa wachuuzi na wavuvi na mafundi waliotoka Ujiji na Umanyema, walichukua watoto na vyungu wakashinda ziwani mpaka alasiri. Wanaume walikuwa na mahali pao nyuma ya majabali. Na kila mwaka wanawake walimteua mmoja wao awachagulie ufuo. Huyo tulimwita mtangulizi.

Mtangulizi alipewa heshima kubwa. Sahani ya kwanza ya wali ilikuwa yake, na mwezi mzima akipita sokoni watu walimwamkia yeye kwanza. Lakini heshima hiyo hakupewa bure. Siku yenyewe ilipofika, ilimbidi aingie majini peke yake mbele ya wote, na mtoto wake mgongoni. Mtoto wake, si wa jirani. Alitembea mpaka maji yamfike kifuani, akageuka kuwatazama wenzake ufuoni, akapiga kigelegele, ndipo wengine wakaingia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Kama nimewadanganya ninyi, nimejidanganya mwenyewe kwanza.

Mimi nililelewa na shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa ninanyonya, na baba akashuka Kigoma kwenye kazi ya reli ya Wadachi. Alituma salamu mara mbili tatu, kisha akanyamaza. Shangazi alikuwa na binti mmoja, mdogo kwangu kidogo, na sisi wawili tulilala kwenye mkeka mmoja na kuoga kwenye beseni moja. Watu wakiuliza, shangazi alijibu, "Wote ni wangu." Nililipenda sana neno lile. Wakati mwingine nilimtuma mwenzangu huyo awaambie wageni wamuulize mama yake watoto wake ni wangapi, ili nilisikie tena.

Mwaka ninaousema, shangazi aliteuliwa kuwa mtangulizi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameutamani utangulizi kwa miaka mingi. Najua, kwa sababu kila Idd tulipotoka ziwani alirudi nyumbani akimkosoa aliyechagua: mchanga una kokoto, jua linapiga usoni, watoto wamekanyaga konokono. Sasa zamu ilikuwa yake, na bahati mbaya ikamwangukia siku hizo hizo. Mdachi mmoja aliyekuja kutoka Usumbura kupumzika na mkewe alitaka mahali salama pa kuogelea. Mkubwa wa mji wetu, bila kutuuliza, akamwonyesha ufuo wetu mzuri wa upande wa kusini, ule wa mchanga mpana uliozoewa na bibi zetu. Askari wakasimika nguzo mbili, na tukaambiwa tusipite hapo. Mkubwa wa mji alipewa shuka nyeupe. Aliivaa siku hiyo ya Idd, na wanawake hawakumwamkia.

Basi shangazi alilazimika kutafuta ufuo mwingine, na wakati ulikuwa mfupi. Alinichukua mimi. Mwenzangu alichoka upesi na kulia njiani, mimi sikuwa mliaji. Tulipita mdomo wa mto bila kusimama, maana hapo maji ni ya matope na mamba hupenda kulala. Penye matete tulipita mbali. Palikuwa na mahali pazuri kwa macho, lakini alipochovya fimbo ndefu hatua chache tu kutoka ukingoni, fimbo yote ikazama. Ziwa letu ndivyo lilivyo, linakuchekea ukingoni na shimo liko miguuni pako. Mwishowe tukafika kwenye ghuba ndogo chini ya michikichi. Mchanga ulishuka taratibu, maji yalikuwa meupe, unaona mpaka kucha zako. Shangazi akakaa chini akacheka peke yake.

Ilibaki kazi moja. Kwa desturi, mtangulizi hufunga matumbo ya mbuzi kwenye mti uliosimikwa majini karibu na ukingo, akayaacha yalale hapo. Yakikutwa asubuhi tatu mfululizo hayajaguswa, ufuo ni wa watu. Yakikosekana, ufuo una mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza matumbo yalikuwapo. Ya pili yalikuwapo. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kuamkia Idd, tulikuta kipande cha kamba tu, kimening'inia kwenye mti.

Shangazi aliifungua ile kamba, akaitazama ncha yake iliyokatika. Kisha akasema, "Ni mbwa."

Nilikubali. Nilikuwa mtoto, na neno la shangazi kwangu lilikuwa neno. Leo nikifumba macho naona mchanga ule ulivyokuwa laini, na nyayo zilizokuwa juu yake ni zetu sisi wawili tu. Akang'oa ule mti, akautupa kwenye majani, akanishika kidevu. "Usiambie mutu. Wanawake wako na maneno mingi." Nikaapa. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, kwa sababu nilikuwa na siri na shangazi ambayo mwanawe hakuwa nayo.

Siku ya kuogelea tulikwenda kwa nyimbo. Vyungu vikatuliwa, moto ukawashwa, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wakamwagwa kwenye ungo. Wanawake waliusifia ufuo, na shangazi akapokea sifa zile akiwa ameinamisha uso kama bibi harusi. Kisha akafunua kaniki yake mpya, akaniita mimi.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee, mkunga, aliyewazalisha karibu mama zetu wote. Akauliza, "Na ule mwingine?"

"Iko na homa," shangazi akajibu.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mchikichi, anatafuna muwa, maji ya muwa yakimtiririka mpaka kwenye kitovu. Asubuhi hiyo tulishindana kukimbia, akanishinda. Lakini homa huja ghafla, na mimi sikutaka kuuliza sana. Niliogopa nikiuliza atapona.

Mkunga akarudi kupepea moto. Angesema nini? Mji mzima ulijua kwamba sisi wote ni wa shangazi.

Nikapanda mgongoni. Alinifunga imara, mafundo mawili kifuani pake, tukaingia. Maji yalikuwa ya baridi kwenye nyayo, yakapanda magotini, yakafika kiunoni. Nilibana shavu langu kwenye shingo yake, iliyonukia mafuta ya mawese na karafuu, na nilihisi moyo wake unapiga kwa nguvu mpaka unanigonga. Nikadhani ni furaha. Maji yalipomfika kifuani akageuka kuwatazama wanawake, akapiga kigelegele.

Mtu aliyebeba mtoto mgongoni akiugeukia ufuo, mtoto hubaki upande wa ziwa. Sikulifikiria jambo hilo wakati ule. Nilikuwa nimegeuza shingo kutazama ng'ambo, milima ya Kongo ikiwa na rangi ya moshi, na miguu yangu ilikuwa inaning'inia kwenye maji ya kilindini, mahali ambapo yeye hakuona. Niliichezesha. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Nilisema moyoni, leo mji mzima umeona mimi ni mtoto wa nani.

Mamba hakutokea. Wanawake wakaingia, watoto wakarushiana maji, tukala wali wa karanga mpaka tukashindwa kuinuka. Sahani ya kwanza shangazi aliila na mimi. Mwaka mzima niliishi kwa siku ile. Mwenzangu akinikasirisha, nilimwambia, "Wewe hukutangulia majini."

Mwaka uliofuata wanawake walimteua tena shangazi, na ufuo ukawa ule ule. Wavuvi walikuwa wameanza kutandaza nyavu hapo, watoto wa Warundi waliteremka kila siku kuchota maji, na hakuna aliyedhurika. Safari hii hakufunga hata utumbo mmoja, na hakuna aliyemdai. Ufuo ulikuwa umekwisha kujulikana.

Tulipofika nilivua nguo ya juu kabla ya mtu kuniambia. Shangazi alipofunua kaniki, nikaenda nyuma yake, nikanyoosha mikono ili nipande. Nilikuwa nimeshalishika bega lake.

"Hapana wewe," akasema. "Leo ni mwenzako."

Nikamwambia mimi najua kukaa, sitikisiki. Nikamwambia mwenzangu ni mzito kuliko mimi, na kweli alikuwa mzito. Shangazi hakukasirika. Alikuwa anashughulika na ncha za kaniki, anamfunga mwanawe mgongoni, na alinijibu hivi hivi, kama mtu anayekueleza chumvi iko wapi.

"Mwaka jana sikukuwa na hakika na fasi hii. Sasa iko muzuri."

Nadhani hata hakusikia alichosema. Aliingia majini, mwanawe anacheka mgongoni, na mimi nikabaki na mikono yangu. Ndipo nilipoiona tena, moyoni, ile kamba iliyokatika. Niliona mchanga usio na nyayo za mbwa. Nikakumbuka jinsi moyo wake ulivyonigonga, na nikajua kwamba haikuwa furaha. Alikuwa amepima, akanipata mimi. Heshima hakutaka kuikosa, mwanawe hakutaka kumpoteza, na katikati palikuwa na mtoto anayeitwa wake ambaye akifa hakuna ambaye angemlilia sana.

Watu niliowasimulia huniambia, si ulitoka salama? Alikulisha, alikuoza, hukulala njaa hata siku moja. Yote ni kweli. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikumzaa mtu wakati ule, kwa hiyo labda sina haki ya kumhukumu. Namhukumu hata hivyo. Mamba angeniuma mguu, ningekuwa mtu wa mguu mmoja, basi. Nilichonyang'anywa ni siku ile ya furaha, na sikupata nyingine ya kuweka mahali pake.

Shangazi akapiga kigelegele. Wanawake wakashika mikono ya watoto wao wakaingia kwa kelele, na ufuo ukabaki mtupu, vyungu na moto tu. Nikaenda chini ya mchikichi, pale pale alipokaa mwenzangu mwaka uliopita, nikachukua kipande cha muwa nikaanza kukimenya kwa meno.

Yule bibi mkunga hakuwa ameingia, miguu ilikuwa inamsumbua. Akanitazama, akatazama majini, akanitazama tena.

"Na wewe, mama, mbona hauingie?"

"Niko na homa," nikamwambia.

Sikusema kwa sauti ndogo. Shangazi alikuwa karibu, maji yakimfika kiunoni sasa, anamshusha mwanawe. Akageuka kunitazama. Tulitazamana mpaka yeye akainamisha macho, kisha akateka maji kwa kiganja, akaendelea kumwogesha mtoto wake.