Gauni la Vipande Alilolikataa Gentille

Gentille, fundi wa nguo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alipokea kila kazi isipokuwa gauni la vipande. Sketi nyoofu, suruali, nguo za kwaya, zote alishona. Aliyetaka gauni la vipande virefu, vyembamba kiunoni na vipana chini, alimwelekeza kwa mafundi wengine.

Mwaka 2000 Sophie, binti wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa karibu kuolewa, alikataa kuelekezwa.

“Yaya,” alimwita, kama amwitavyo dada mkubwa, “bantu banasema kule Uvira ulikuwa unashona robe ya bipande kupita bote. Mbona mi unaninyima?”

Gentille akasimamisha cherehani. Vita vilipoingia Uvira mwaka 1996, alisema, yeye na mdogo wake Bora walikuwa wameshatoka mjini. Njiani akakumbuka gauni la bibi harusi mmoja: vipande vyake, vimeshakatwa, vimebaki mezani. Akamtuma Bora akavichukue.

“Bora akasema, ‘Yaya, tuache.’ Mi nikamujibu, ‘Kimbia, utanikuta mbele.’ Masasi ya bunduki inalia, na mi ninawaza kitambaa ya mutu.”

Bora hakumkuta. Kila waliposhuka kambini wakimbizi wapya wa Uvira, Gentille aliwauliza. Hakuna aliyemwona.

Sophie hakumwambia kwamba halikuwa kosa lake.

“Mi sikukuwa kule, yaya. Siwezi kukuhukumu. Ila nisindikize tu Tsoka, unichagulie kitambaa.”

Wakaenda hadi soko la Tsoka, Lilongwe, wakarudi na satini nyeupe, na Gentille akakubali kuishona mwenyewe. Kwenye kipande cha kwanza aliuweka mkasi chini. Baadaye akaushika tena, akakata. Siku ya kupima alibana pini kiunoni, akalegeza mshono kifuani, akamwambia Sophie atembee. Gauni lilimkaa kama ngozi, kisha likafunguka magotini.

Harusini vigelegele havikwisha. Mama mkwe wa Sophie alimshika Gentille mikono yote miwili: “Merci, fundi! Mutoto wetu anang'aa!” Gentille akacheka kwa sauti. Kusikia kicheko chake mwenyewe, akaona haya. Bora angekuwa na umri wa huyu bibi harusi. Akatoka, akalia nyuma ya kanisa.

Wasichana wengine walipomjia, hakuwakataa. Lakini kabla ya kukata kipande cha kwanza alisema polepole, “Bora, unisamehe,” akangoja kidogo, kana kwamba atajibiwa, ndipo akakata.